Ua Kwenye Bunduki ya Baba

Tsubame,
Februari, theluji bado inaanguka

Dada yangu Chizuru,

Barua hii naiombea ikukute mzima, wewe na shemeji Kudo na wapwa zangu, na huko Kochi jua liwe linawaka kama unavyopenda kutusimulia kila mwaka wakati sisi tuna koleo mkononi. Huku theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Mgongo unaniuma lakini sijambo. Baba naye hajambo kwa upande wa mwili. Anakula, analala, na asubuhi anakohoa mpaka majirani wanajua kumekucha. Kasha la machungwa lilifika salama, tunakushukuru sana. Moja alilila na maganda yake. Nilijaribu kumzuia, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa, nikamwacha.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwa simu utanikatiza, Dada. Utaanza kumtetea Kaka Masatsugu kabla sijafika katikati, nami nitapandisha sauti, na Baba siku hizi akisikia sauti ya juu anajificha chini ya blanketi. Kwa hiyo chemsha chai, kaa kitako, unisome mpaka mwisho ndipo useme unalotaka kusema.

Habari ya kwanza unaijua. Nafasi katika nyumba ya wazee imepatikana na Baba ataingia mwezi wa nne. Kaka ndiye aliyetia sahihi, maana ndiye mtoto wa kwanza, na mambo ya sahihi ni yake. Mambo ya ndoo na taulo ni yangu. Alikuja kutoka Niigata mjini na gari lake lililooshwa, akakaa muda wa vikombe viwili vya chai. Baba alipomwona uso ulimfunguka, nakuapia, kama mlango. Akasema, "Masa! Umekuja! Umekula? Mpeni Masa wali!" Aliyepaswa kumpa Masa wali ni mimi, na nilimpa. Miaka mitatu sasa mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemkata kucha, ninayemtolea miiba ya samaki, na ananiita "wewe" au "yule bwana." Nilipomsindikiza Kaka hadi kwenye gari alinipiga bega akaniambia nisitie moyoni, eti hata yeye Baba humsahau mara nyingine. Nikamuuliza lini. Akacheka, akawasha gari.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tangu vuli Baba amekuwa akiuliza bunduki yake iko wapi. Anauliza asubuhi, anauliza kwenye maji ya kuoga. "Jumapili ni lini? Ozeki atanisubiri kilimani. Nani kachukua bunduki yangu?" Unaikumbuka, Dada. Ile ndefu ya gesi, ya kuchezea, mfano wa bunduki ya askari wa enzi za Babu, iliyokuwa ikitema vigololi vya plastiki, aliyokuwa akichezea vita kilimani kila Jumapili na Ozeki na wenzao. Wewe na Mama mlikuwa mkiiita mke mdogo, kwa jinsi alivyokuwa akiifuta kwa kitambaa cha hariri. Kaka aliposikia maswali hayo alisema nilitupe hilo dude kabla polisi hawajalikuta. Mimi nikaenda kulitoa juu ya kabati.

Kama unakumbuka, bunduki zile za zamani zilivuta gesi kutoka kwenye mtungi wa kubeba mgongoni, kwa mpira mrefu, na zilikuwa na nguvu za kutoboa kopo. Ilipotoka sheria ya kupunguza nguvu hizo, wenzake Baba walizipeleka zao zikarekebishwe au zikavunjwe. Baba hakuipeleka popote. Aliukata ule mpira kwa kisu cha samaki, akaifunga bunduki kwenye blanketi, akaipandisha juu ya kabati, na tangu siku hiyo hakwenda tena kilimani. Ndivyo nilivyoikuta. Mpira umekatwa, mti wa kitako umepasuka kwa ukavu, komeo la kuingizia vigololi limegoma, na humo ndani panya wameweka makao yao. Niliitazama nikasema hii nitaifufua. Nitaifufua iwe halali, iwe nzima, nimwekee Baba magotini kabla hajaondoka katika nyumba hii, na atauliza nani kaitengeneza, na hapo hata kama ubongo wake umebaki na chembe moja, ataniona.

Usinicheke. Nina miaka hamsini na kitu na nilikuwa nataka baba yangu anione. Wewe ulikuwa binti, ulipendwa bila jasho. Kaka alikuwa wa kwanza, karakana ilikuwa yake, na Jumapili za kilimani zilikuwa zake. Mimi nilikuwa wa kubaki na Mama kukanyagia figili kwenye pipa la chumvi. Nilikuwa nikisimama kwenye ufa wa mlango wa karakana nikimtazama Baba anavyong'arisha vijiko, anavyoshika tupa ya kukwangulia chuma, anavyosimama kwa kuweka uzito kwenye mguu wa mbele, na yeye bila kugeuka alikuwa akisema, "Funga mlango, vumbi linaingia nyumbani." Nilifunga. Lakini nilikuwa nimeshaona. Yote ninayoyajua kwa mikono hii niliyaiba kupitia ule ufa, na kiwandani wamenilipa mshahara kwa mali ya wizi mpaka leo.

Basi nikaanza. Kwa kuwa siku hizi kiwandani naenda nusu siku, mchana wote ulikuwa wangu. Niliweka jiliwa la kubania vyuma kwenye chumba kile kile anachokaa Baba, ili niwe namwona. Nilifungua kila kitu nikakipanga juu ya magazeti. Mipira ya kuzuia gesi ilikuwa imekauka, ukiigusa inavunjika kama biskuti. Mti niliulisha mafuta ya kitani kidogo kidogo, nikauziba ufa kwa gundi na vumbi la mti wenyewe, nikausugua kwa msasa laini mpaka mishipa yake ikaonekana. Mtutu wa ndani nilibadilisha. Kuhusu gesi, niliamua mpira na mtungi wa mgongoni visirudi kamwe. Nilikereza kijitungi cha shaba kinachoingia ndani ya magazini, kile kikasha cha vigololi, gesi ikae humo, na tundu la vali nikalifanya jembamba ili kigololi kisitoke kwa nguvu kuliko sheria inavyoruhusu. Nilipoipeleka kupimwa, mwenye duka aliitazama kasi kwenye kipimo akasema niko chini ya kiwango kwa mbali, kisha akaniuliza kama ninauza. Nikamwambia hiyo ni ya Baba. Akasema baba yangu ana bahati. Nilirudi na basi nikiwa na uso mwekundu kama mtu aliyekunywa.

Shida ilikuwa baridi. Gesi ikipoa inakuwa mvivu, na kigololi kinadondoka miguuni kama mate. Ikabidi niwe naweka magazini chini ya meza ya joto, ile fupi yenye blanketi na hita ndani, pale Baba anaponyooshea miguu. Alikuwa akiipiga teke, anaipeleka upande wa pili, mimi naitambaia. Siku moja alininong'oneza, "Yule bwana, humu ndani kuna paka wa chuma." Nilicheka mpaka nikatokwa machozi, naye akacheka kwa kuniona nacheka. Hiyo ni moja ya siku zangu nzuri, naiandika hapa ili ujue zilikuwepo.

Ikabaki kovu. Juu ya mtutu, pale nyuma, ambapo kwenye bunduki za kweli kulikuwa na lile ua la Kaizari la petali kumi na sita, palikuwa pamekwaruzwa vibaya. Hapakuwa na ua. Palikuwa na bonde la mikwaruzo, limepakwa rangi nyeusi juu kwa haraka. Nilijua hizi za kuchezea zilitoka kwa mtengenezaji zikiwa na ua lao. Nikampigia Kaka, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akienda na Baba, nikamuuliza kovu lile lilitokana na nini. Alikuwa anakula, namsikia anatafuna. Akasema, "Aa, si iliangushwa tu kwenye mawe? Baba na wenzake walikuwa wakinywa sana, Hide. Jaza tu, weka ua lako, atafurahi." Nikamshukuru. Ndiyo, Dada, nilimshukuru.

Nikajaza bonde lile kwa gundi ya chuma, nikasawazisha, nikachonga ua. Nilichonga kwa mkono, petali moja moja, kwa patasi niliyoinoa mpaka ikawa nyembamba kama ukucha wa mtoto. Mara ya kwanza liliharibika, nikafuta nikaanza upya. La pili lilikaa. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile na sitafanya tena. Nilipaka dawa ya kukitia chuma weusi, ua likazama ndani ya rangi kana kwamba lilizaliwa humo. Nililitazama kutwa nzima. Nilisahau hata kumpa Baba uji wa saa kumi.

Siku niliyomkabidhi nilimnyoa kwanza, nikamvika fulana safi, nikawasha jiko la mafuta chumba kiwe moto. Nikamwekea bunduki magotini. Aliishika, Dada. Mikono ile inayotetemeka na kijiko iliacha kutetemeka. Aliuvuta ule mkono wa komeo, likaenda na kurudi, kla, kla, akatikisa kichwa kama mtu anayeonja supu na kuikubali. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nangoja. Kisha kidole gumba chake kikapanda juu ya mtutu, kikafika kwenye ua, kikasimama.

Uso ulimbadilika, sijui nikueleze vipi. Aliogopa. Alijaribu kusimama, bunduki ikamwangukia mguuni, akaikumbatia akajaribu kuisukumiza chini ya blanketi. "Bado hii! Bado hii moja! Wanakuja, watatukuta nayo! Leta tupa! Nani kaiacha hii?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nilipomshika bega alinigeukia akasema kwa chuki ambayo sikuijua, "Wewe mtu wa nani? Ni wewe umeirudisha, eeh? Toka nyumbani kwetu!" Nilitoka. Nilisimama kwenye theluji na kandambili mpaka vidole vikafa ganzi, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda na nilikuwa nimeambiwa nitoke. Baba hakula siku ile wala iliyofuata.

Aliyenifungua macho ni Mzee Ozeki. Unamkumbuka, yule mpiga soga, mwenye masikio makubwa. Ana zaidi ya miaka themanini na bado anaendesha pikipiki ndogo kwenye theluji, mkewe amechoka kumkataza. Alileta figili na kabichi. Baba alikuwa amelala. Nilimwonyesha bunduki, nikitumaini angalau mtu mmoja aisifie. Akaigeuza, akaipenda, akanitania kuwa sasa ninaweza kwenda kilimani na wazee wenzangu, ila niwe mwaminifu kuinua mkono nikipigwa, nisiwe kama Masatsugu aliyekuwa akipigwa vigololi kumi na kuendelea kukimbia. "Tulikuwa tunamwita Mzimu," akasema. Kisha akaona ua. Akaiweka bunduki chini taratibu, akaniuliza nani aliyeniambia niweke hilo.

Nikamwambia. Akanisimulia. Vita vilipokwisha, Babu yetu, kwa kuwa alikuwa mchonga tupa, aliitwa pamoja na wenzake kwenye bohari ya jeshi. Amri ilikuwa kila bunduki ifutwe ua la Kaizari kabla haijakabidhiwa kwa Wamarekani, ili ua lisiende mikononi mwa adui. Walifuta usiku na mchana. Baba alikuwa na miaka saba, alikuwa akiwapelekea chai na kufagia vumbi la chuma, na kila mtu mzima mle ndani alikuwa akisema haraka, wanakuja, bado hii, bado hii. Baba aliamini kwamba Wamarekani wakikuta ua moja limebaki watamuua baba yake. Aliamini hivyo kwa wiki nzima. Hakuna aliyemwambia sivyo.

Ozeki akasema kwamba Baba alipoinunua ile ya kuchezea, kabla hajaipeleka kilimani hata mara moja, aliifuta ua kwa tupa ya Babu. Wenzake walimzomea kwamba anaharibu mali nzuri. Akawajibu kwamba bunduki yenye ua bado iko vitani, na yeye hachezi na kitu kilicho vitani. "Baba yako hakuiangusha hiyo," Ozeki akaniambia. "Na Masa anajua. Si ndiye aliyemshikia taa?"

Nilimpigia Kaka saa ile ile, Ozeki bado anavaa viatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, Dada, nilikuwa nimeyapanga. Nikamuuliza kama alimshikia Baba taa akifuta ua. Nikamuuliza kama Baba alimsimulia habari za Babu na bohari. Akasema, polepole, kwamba ndiyo, sasa nikisema anakumbuka kitu kama hicho, kulikuwa na taa, kulikuwa na baridi, Baba alikuwa akisema maneno mengi. "Hide, kweli nilisahau. Nilikuwa nataka kwenda kulala tu." Halafu akaongeza kwamba Jumapili zile alikuwa akizichukia. Matope, wazee, harufu ya sigara. Akasema, tena kwa upole kabisa, "Kumbe wewe ulikuwa unataka? Ungesema tu, ningekupa nafasi yangu."

Nimeyageuza maneno hayo kila upande wiki hizi na kila upande yana makali. Angekuwa amenidanganya kwa makusudi ningemchukia nikapumzika. Lakini hakunidanganya. Baba alifungua kinywa chake kwa watoto wake mara moja katika maisha yake, akamsimulia mtoto kitu kilichomtesa tangu utotoni, na mtoto huyo alikuwa anapiga miayo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, macho makavu, ningetoa mkono mmoja ili niisikie hadithi ile. Usiniandikie kwamba Kaka ni mtu mwema. Najua ni mtu mwema. Hilo ndilo linaloniumiza.

Kesho yake asubuhi nilifungua droo ya Babu, nikatoa tupa yake kwenye kitambaa chenye mafuta. Nilifunga bunduki kwenye jiliwa, mbele ya Baba. Alikuwa amejikunyata amenipa mgongo. Nikaanza kulifuta ua. Dada, kila petali niliijua. Niliila kazi yangu mwenyewe kwa meno ya tupa, vumbi linadondoka kwenye gazeti, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilisahau nilichokiiba kwenye ufa wa mlango, nikawa nasugua kwenda na kurudi kama mtu anayekata mkate. Sauti ikamfikia. Baba aligeuka.

"Usirudi nayo," akasema. "Tupa inakata ikienda. Ikirudi inyanyue. Unaua meno." Nikanyanyua. Akasogea, akakaa karibu, akanitazama mikono. Akanielekeza nipeleke uzito kwenye mguu wa mbele. Nikaupeleka. Kwa muda ambao sikuupima tulifanya kazi hivyo, mimi nasukuma, yeye anahesabu mdomoni, mpaka ua likaisha likabaki bonde. Alipitisha kidole gumba. Alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akasema basi, hata wakija sasa, hakuna neno.

Kisha akanitazama usoni, kwa adabu, namna mtu anavyomtazama mgeni aliyemfanyia kazi nzuri, akaniambia, "Fundi, una mkono mzuri. Umejifunza kwa nani?" Nikamwambia nimejifunza kwa baba yangu. Akasema, "Baba yako ana bahati. Mimi wangu hakuna aliyetaka kushika tupa." Nilikunja gazeti lenye vumbi, nikalikunja tena, nikalikunja mpaka likawa dogo. Nikamuuliza ana watoto wangapi. Akafurahi kuulizwa. Akasema anaye Masatsugu, yuko mjini, ana kazi kubwa. Anaye Chizuru, ameolewa mbali kusini, anatuma machungwa. Nikangoja. Akaniuliza kama kuna chai.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Sikumwambia mimi ni nani. Ningeweza, na sikumwambia. Na tangu siku ile, kila siku baada ya chakula cha jioni, natoa mpira mmoja kwenye vali ya ile bunduki, au nalegeza skrubu ya komeo, ili iharibike. Asubuhi namlisha Baba, namwosha, na hapo bado mimi ni yule bwana, na hanisemeshi. Halafu navaa buti na koti la kazi, natoka mlango wa jikoni, nazunguka nyumba kwenye theluji, nasimama kwenye mlango wa mbele wa nyumba yetu wenyewe nikibisha hodi. Baba anaitika kwa sauti ya mwenye karakana. "Karibu, fundi! Umechelewa. Leo inavuja tena." Ninaingia. Tunafungua tunafunga. Ananifundisha yote, Dada, namna ya kushika, namna ya kusikiliza chuma, na amenisimulia habari za Babu mara nyingi, chai na vumbi na wanakuja, mpaka sasa naijua kuliko Kaka. Jana aliniuliza kama nina baba bado. Nikasema ninaye, lakini ana shughuli nyingi.

Ukija mwezi wa tatu kuzuru makaburi ya wazee wetu, nakuomba jambo moja tu. Usiniite Hide mbele yake. Usimwambie kwa machozi, "Baba, huyu ni mwanao," maana najua ndivyo utakavyotaka kufanya. Nisalimie kama unavyomsalimia fundi, unikaribishe chai, ukae kando utusikilize. Kwa mwanawe wa pili Baba hana la kusema, hakuwahi kuwa nalo. Kwa fundi ana maneno mengi, na mwezi wa nne hauko mbali.

Msalimie shemeji Kudo, mwambie aache chumvi. Wapwa zangu wabusu vichwani hata kama wanajiona wakubwa. Baba angekutumia salamu kama angejua naandika, kwa hiyo nazituma mimi kwa niaba yake. Jihadhari na mafua, na usisahau viatu vya theluji, vya hapa nyumbani vimeoza.

Mdogo wako,
Hidenori